Mikataba ya amani isiwaache wasanii nje

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo linaniumiza sana.

Habari za Congo na Rwanda kila siku ni viongozi wanasaini mikataba ya amani, mara Luanda, mara Nairobi, 2025 ikawa Washington na Doha, picha zinapigwa, halafu ukifungua simu unakuta vijana wa pande zote mbili wanatukanana matusi ya kutisha, wanaitana majina ya wadudu kabisa. Sasa hawa nani anaongea nao? Mkataba hawausomi jamani. Muziki wanasikiliza, redio wanasikiliza.

Sisi wa Dar tunaujua utamu wake. Bendi ya Maquis wametoka Congo miaka ya 70 wakatia kambi hapa, wakaimba Kiswahili, tukacheza nao mpaka tukasahau nani mgeni. Mwanamuziki Remmy Ongala kazaliwa Kindu huko Congo, kaja 1978, alipofariki 2010 mji mzima ulilia, na leo konda wa daladala anaita "Kwa Remmy, wa Kwa Remmy washuke" na hakuna abiria anayeuliza huyo Remmy alikuwa na pasipoti ya wapi.

Lakini tusidanganyane, sanaa inaweza kuua pia. Mwaka 1994 kule Rwanda redio ya RTLM ilikuwa inapiga miziki mizuri tu watu wanafurahi, halafu katikati inataja watu wa kuwindwa. Mwanamuziki Simon Bikindi alihukumiwa miaka 15 hapo hapo Arusha mwaka 2008, kosa lenyewe ni maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani akihimiza Watutsi wauawe. Mtu anayependwa kwa nyimbo zake! Ndo maana nasema wapatanishi wakiuacha huu uwanja mtupu, wachochezi watauchukua. Wanyarwanda wenyewe walishaligundua hilo, tangu 2004 wakawa na mchezo wa redio wa vijiji viwili vyenye uhasama, msikilizaji anaona chuki inavyopandwa kidogo kidogo na inavyong'olewa.

Ombi langu liende kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lile tamasha lao la sanaa na utamaduni, JAMAFEST, lilianza Kigali 2013, likaenda Nairobi, Kampala, likafika kwetu Dar 2019, wakati huo Congo haijaingia hata kwenye Jumuiya, imeingia 2022. Safari hii lipelekwe Kigoma. Pale Kasulu kuna kambi ya Nyarugusu, ina Wakongo na Warundi, kuna vijana wamezaliwa humo humo na wanaimba na kucheza ngoma vizuri kabisa, wapewe jukwaa pamoja na wenzao wa Rwanda, wakae wiki nzima wafanye mazoezi pamoja, wale pamoja, sio kupanda dakika kumi na kushuka. Na redio za nchi zote zirushe moja kwa moja. Hela za kuwalaza wajumbe wa mazungumzo ya amani mahotelini zinapatikana kila mwaka, hivyo hata nauli ya hawa vijana iwekwe kwenye bajeti ya mazungumzo hayo hayo.

Msomaji wenu,
Sinza, Dar es Salaam