Kwa nini tunalipisha kazi ya kusoma maelekezo ya kroshia

Mwezi uliopita mteja mmoja aliondoka dukani kwetu akiwa amekasirika, akaniachia lalamiko ambalo nimelisikia mara nyingi kiasi cha kuona ni heri nilijibu kwa maandishi: kwamba tumemtoza shilingi 15,000 kwa kumsomea karatasi mbili ambazo mtu yeyote anayejua Kiingereza angezisoma bure. Namheshimu mama huyo, na Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. Tatizo ni kwamba karatasi ya kroshia haisomwi kwa kujua Kiingereza.

Chukua herufi mbili tu, dc, kifupisho cha double crochet. Katika karatasi ya Marekani herufi hizo ni mshono mrefu, ule ambao uzi huzungushwa mara moja kwenye sindano kabla ya kuingia tunduni. Katika karatasi ya Uingereza herufi hizo hizo ni mshono mfupi, usiozungushwa uzi hata mara moja. Mshono mfupi Wamarekani wanauita sc (single crochet), na mshono mrefu Waingereza wanauita tr (treble), ambayo kwa Wamarekani ni mshono mrefu zaidi ya huo. Majina yote yamesogea ngazi moja, na mara nyingi karatasi haisemi ni ya upande gani. Ndiyo sababu hapa dukani hatutamki singo wala dabo mbele ya mteja; tunasema mshono mfupi, wa kati, mrefu na mrefu zaidi, kisha tunaandika hivyo pembeni mwa kila mstari.

Mama mmoja aliyefundishwa kufuma katika somo la sayansikimu, kwa majina ya Uingereza, alituletea kitambaa cha meza cha duara alichokifuma kwa wiki tatu kutoka kwenye karatasi ya Marekani. Kilikuwa kimejaa mawimbi pembeni kama rinda. Alikuwa amekitia wanga na kukipiga pasi mara mbili, na bado hakikulala. Nilihesabu mishono ya kila raundi: 12, 24, 36, 48, zote sahihi kabisa. Kosa lilikuwa kwamba duara linaloongezewa mishono 12 kila raundi linataka mshono mrefu. Ukilifuma kwa mshono mfupi, ambao kwa kawaida hutosheka na nyongeza ya mishono 6, ukingo unakuwa na mishono mingi kuliko nafasi iliyopo, nayo lazima ijikunje. Kosa la upande wa pili hutoa bakuli: mishono mirefu yenye nyongeza ya 6 hujikunja kwenda juu. Hakuna pasi inayotibu hayo. Tulifumua kitambaa chote, na kwa kuwa mshono mrefu ulidai uzi zaidi ya alionao, akanunua madonge mengine mawili, ambayo yalitoka kwenye mchovyo mwingine wa rangi. Mstari wa tofauti unaonekana mpaka leo kwenye meza yake, na mimi unaniuma kila ninapoukumbuka.

Katika karatasi za siku hizi, ukiona sc mahali popote, jua ni ya Marekani. Ukiona htr (half treble, yaani mshono wa kati), ni ya Uingereza. Namba za sindano nazo usiziamini peke yake, kwa maana namba 8 ya zamani ya Uingereza ni milimita 4, ilhali ile ya Marekani iliyoandikwa H-8 ni milimita 5. Tafuta milimita.

Njia ya mkato inayotuletea kazi nyingi zaidi siku hizi ni kuipiga picha karatasi na kuiachia programu ya simu iitafsiri. Binti mmoja alikuja na sweta la mtoto ambalo simu ilimwambia, karibu na kwapa, “fanya kazi hata mpaka kipande kifike sentimita 20”. Kwa kuwa sentensi hiyo haikuwa na maana, aliendelea kuongeza mishono kama alivyokuwa akifanya chini yake. Maana halisi ya Kiingereza chake, work even, ni kwamba aendelee bila kuongeza wala kupunguza. Sweta lile lilipanuka juu kuliko chini. Karatasi hiyo hiyo ilikuwa na hesabu za namna ya 52 (58, 64, 70), yaani vipimo vinne vya watoto katika mstari mmoja, naye alikuwa ameruka kutoka kipimo hadi kipimo, kwa hiyo mkono mmoja ulikuwa wa mtoto mdogo na mwili wa mtoto mkubwa. Sisi huzungushia wino namba ya kipimo kimoja kuanzia mwanzo wa karatasi hadi mwisho kabla sindano haijaguswa.

Zipo pia alama ambazo wengi wanadhani wanazijua. Nyota ikifuatiwa na agizo la kurudia mara 5 humaanisha mara 6 kwa jumla, kwa sababu ile ya kwanza umekwisha kuifuma. Cheni 3 za mwanzo wa mstari, karatasi ikisema zinahesabiwa kuwa mshono, lazima zipokee mshono wa mwisho wa mstari unaofuata. Ukizisahau, kila mstari unapoteza mshono mmoja, na blanketi lililoanza na sentimita 80 linaelekea kuwa pembetatu.

Sasa nirudi kwenye shilingi 15,000. Baada ya kusoma tunafuma kipande cha majaribio kwa uzi wako na sindano yako, tunakifua, tunakiacha kikauke, ndipo tunapima sentimita 10. Karatasi ikitaka mishono 16 hapo na mkono wako ukatoa 18, sweta lililokusudiwa kuwa na mzunguko wa sentimita 100 litatoka na 89 hivi, na hilo hulijui mpaka siku ya kulivaa. Kisha tunaandika hesabu ya mishono ya kila mstari kwa kipimo chako. Kazi hiyo hula siku nzima na mara nyingine mbili. Kufumua na kuanza upya tunatoza shilingi 40,000, na hakuna mteja aliyewahi kuilipa kwa furaha.

Ukija, leta karatasi zote, hasa ule ukurasa wa kwanza wenye picha na vipimo ambao watu huuacha nyumbani wakidhani ni pambo, kwa sababu maelezo ya vifupisho huwekwa hapo. Leta na uzi wenyewe pamoja na lebo zake, nasi tutahakikisha kwamba madonge yote yana namba moja ya mchovyo kabla hujafuma cheni ya kwanza.