Ng'ombe analamba magadi kila siku, mbona bado anafifia?

Mfugaji akiingia dukani kwetu kusema ng'ombe amekonda, nywele zimemsimama na maziwa yameshuka, mara nyingi ameshaamua anachotaka kununua: dawa ya minyoo. Akikosa minyoo, atataja ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Hatumlaumu, kwa sababu hapa Arusha mara nyingi anakuwa sahihi. Wapo lakini wale ambao wameshanywesha dawa, wakabadilisha aina, wakaogesha, na mnyama yuko palepale. Hao tukiwauliza habari ya madini, jibu huwa halibadiliki: "Madini anapata, analamba magadi kila siku."

Magadi tunauza na sisi, kwa hiyo hatuna ugomvi nayo. Ila tuelewane yanampa mnyama nini. Magadi ya Ziwa Natron, yale mabonge yanayouzwa hadi kwenye minada, kwa sehemu kubwa ni sodiamu kaboneti na bikaboneti. Ng'ombe anaihitaji sodiamu, hasa anayekamuliwa. Lakini shaba, kobalti, zinki, seleniamu na ayodini hatazipata humo kwa kiasi cha kumtosha. Haya ndiyo madini yanayohitajika kidogo sana, yanayopimwa kwa miligramu tu katika kila kilo ya chakula kikavu, na kobalti haifiki hata nusu miligramu. Udogo wake ndio unaofanya yasahaulike.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawajalisikia. Ng'ombe hafuati jiwe la madini la kulamba kwa sababu mwili umemwambia shaba imepungua. Anafuata chumvi iliyomo, na watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana chumvi huwa nyingi kwenye jiwe. Sasa ng'ombe aliyekwisha kushiba magadi asubuhi, au anayekunywa maji ya chumvichumvi, hamu ya chumvi imekwisha. Jiwe la bei kubwa linaning'inia bandani miezi mitatu likiwa zima, na mwenye ng'ombe anajisifu kwamba linadumu.

La tatu ni floraidi. Sisi tunaozunguka Mlima Meru tunaijua kwa meno yetu wenyewe. Magadi huwa nayo, na maji ya baadhi ya vijiji vya upande wa Ngarenanyuki yanayo nyingi. Ng'ombe akiizidisha kwa miaka, meno yake hubadilika rangi na kulika mapema, na mifupa humsumbua. Mahali ambapo maji yenyewe yana floraidi, tungeshauri magadi yapungue na chumvi ya kawaida ichukue nafasi yake.

Kwa wanaofugia ndani, kuanzia Ngaramtoni hadi Tengeru, tatizo huanzia kwenye hori. Mgomba ni maji mengi na potasiamu. Majani ya tembo yaliyokatwa yakiwa marefu kuliko mtu yamebaki nyuzi tu, na mabua ya mahindi ndiyo hayo. Pumba na mashudu vinasaidia, majani ya miti ya malisho kama lukina na kaliandra yanasaidia zaidi, lakini ng'ombe wa maziwa kwa lishe hii peke yake hafiki mbali.

Ukitaka kuanza kuangalia, anza na rangi. Ng'ombe aliyepungukiwa na shaba, nywele nyeusi hugeuka kuwa za kahawia au rangi ya kutu, na kuzunguka macho hupauka mpaka anaonekana kama amevaa miwani. Kwa Friziani inaonekana vizuri kwenye mabaka meusi. Jua kali nalo hupausha nywele, kwa hiyo usihukumu kwa rangi peke yake: angalia pia kama anaharisha, kama anakonda, kama haonyeshi dalili za kutaka dume au anapandishwa na hashiki mimba. Tena, shaba inaweza kuwepo kwenye chakula na bado isimfikie. Molibdenamu, salfa na chuma huizuia tumboni. Udongo una chuma kingi, na ng'ombe anayekula majani yaliyoburuzwa kwenye matope anakula udongo pia.

Kobalti kazi yake ni nyingine. Vijidudu vya tumbo kubwa huitumia kutengeneza vitamini B12, na bila vitamini hiyo mnyama hawezi kutumia vizuri nguvu ya chakula alichokula. Anakonda katikati ya majani. Kwa majirani zetu wa Kenya, eneo la Nakuru, mifugo ilidhoofu hivyo kwenye malisho mazuri mpaka ugonjwa ukaitwa kwa jina la mji huo, na chanzo kikaja kujulikana kuwa ni upungufu wa kobalti. Kondoo huumia mapema kuliko ng'ombe, na wanakondoo wanaokua ndio wa kwanza. Ukiona kondoo wekundu wa Kimasai, ambao kwa minyoo ni wagumu kweli, wanakonda huku macho yanatoa machozi na hamu ya kula imekwisha, usikimbilie chupa ya dawa ya minyoo tu.

Seleniamu ikipungua, ndama au mwanakondoo hushindwa kusimama vizuri kwa udhaifu wa misuli, na ng'ombe anaweza kubakiza kondo la nyuma. Hapo tahadhari mbili. Kondo kubaki kuna sababu nyingine pia, ikiwemo brusela, ugonjwa unaoambukiza watu pia, kwa hiyo usiingize mkono mtupu. Na sindano ya seleniamu aichome daktari wa mifugo, kwa sababu kati ya kipimo kinachotibu na kinachoua hapana nafasi kubwa. Ayodini utaiona kwa ndama anayezaliwa na uvimbe kooni, au aliyekufa bila nywele. Zinki, kwa ngozi inayokauka na kupasuka na kwato zisizopona.

Sasa kondoo, maana hapa ndipo tunapokosana na wateja. Hivi karibuni kaka mmoja alitaka jiwe moja la ng'ombe wa maziwa.

"Na kondoo watalamba hilohilo, wanalala banda moja."

"Kondoo hapana, kaka. Chukua la kwao."

"Si madini ni madini tu?"

Siyo. Ng'ombe anahitaji shaba kama miligramu 10 kwa kilo ya chakula kikavu na anastahimili zaidi ya hapo. Kondoo, chakula kikivuka miligramu 15 hivi kwa muda mrefu, uko kwenye hatari. Mwili wake hautoi shaba haraka. Ini linaipokea na kuiweka, wiki hata miezi, na kwa nje kondoo ni mzima kabisa. Kisha anapata msukosuko, pengine amesafirishwa kwenda mnadani au njaa ya kiangazi imemkaba, ini linaiachia yote kwenye damu. Chembe nyekundu za damu zinapasuka. Macho na fizi vinakuwa njano, mkojo mwekundu unaoelekea weusi, na siku moja au mbili amekufa. Watu husema amelishwa sumu na jirani.

Shaba hiyo haitoki kwenye jiwe tu. Chakula cha nguruwe huwekwa shaba nyingi. Samadi ya kuku inaweza kuwa nayo. Mrututu wa kuogeshea kwato ni salfeti ya shaba. Na kwa wenye kahawa: dawa za shaba zinazopuliziwa kuzuia kutu ya majani na chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) hudondokea nyasi za chini, na nyasi hizo ndizo anazofungiwa kondoo. Baada ya kupulizia, mpeleke kwingine.

Hata hivyo usimnyime shaba kabisa. Kondoo mwenye mimba akiikosa, anaweza kuzaa mtoto anayeyumba miguu ya nyuma au asiyesimama. Ndiyo maana ya kununua madini yaliyoandikwa kwa ajili ya kondoo.

Kuhusu kununua, soma lebo. Ikiwa imetaja kloridi ya sodiamu tu, hiyo ni chumvi, haijalishi imegandishwa vizuri namna gani. Wekundu wa jiwe usikubabaishe: mara nyingi ni oksaidi ya chuma, ambayo mnyama haimfaidii sana. Tafuta shaba, kobalti, zinki, manganizi, ayodini na seleniamu zikiwa na kiasi chake.

Kwa ng'ombe wa ndani sisi tunapendelea madini ya unga kuliko jiwe, hata kama jiwe lina faida kwetu. Unga ukichanganywa na pumba wakati wa kukamua unajua kila mmoja amekula kiasi gani. Ng'ombe wa maziwa kwa kawaida hupewa gramu 100 hadi 150 kwa siku, ila fuata maelekezo ya mfuko wako, usichanganye aina mbili kwa pamoja, na anza kidogo kidogo maji yakiwepo muda wote. Jiwe liwe chini ya paa, mvua isiliyeyushe.

Usitegemee mabadiliko wiki ya kwanza, nywele mpya lazima ziote. Na kama unataka uhakika kabla ya kutumia pesa, kinyesi na damu vipimwe kwanza kuondoa minyoo na ndigana; Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo hapa Arusha. Kwa shaba, damu inaweza kusoma vizuri wakati akiba ya ini imekaribia kuisha, kwa hiyo mnyama akichinjwa au akifa, mwambie daktari achukue kipande cha ini.

Ukija dukani, beba kikombe unachotumia kupimia pumba. Tutakiweka kwenye mizani na kukichora mstari wa kipimo cha ng'ombe na wa kondoo, bure, hata kama madini umenunua kwingine.