Mtungi wa kukanyaga na sisi wa magongo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mtungi wa kunawia mikono, ule wa kukanyaga kwa mguu.

Mimi ni mshonaji wa Ujiji, nina miaka 69. Polio ilinichukua miguu kabla sijaanza shule, ndiyo maana hata cherehani yangu ni ya mkono. Natembea kwa magongo, na safari ikiwa ndefu napanda baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono.

Corona ilipoingia nchini Machi 2020 sikuipuuza. Nilishona barakoa mpaka vipande vya vitenge vikaniishia, moja shilingi 500, majirani bure. Redio ikawa inasisitiza: nawa mikono, usishikeshike vitu. Sasa mimi mikono ndiyo miguu yangu. Nikishanawa nashika nini kama si gongo lile lile nililolishika tangu asubuhi? Sikusikia mtu akisema tufute na mipini ya magongo. Nilijiongeza mwenyewe, nikawa natembea na kitambaa cha maji ya sabuni kwenye kikapu cha baiskeli.

Basi siku ya dawa zangu za presha nikafika kwenye lango la kituo cha afya, sikitaji jina. Mlinzi akaniambia, "Bibi, shikamoo, nawa kwanza." Nikatazama: pedali iko chini, koki iko juu. Mguu wangu haukanyagi. Nikaegemea gongo moja, la pili nikalishusha kukandamiza ile pedali. Maji yakatoka kweli, ila sakafu ilikuwa imeshajaa sabuni ya waliotangulia, na gongo nililoliegemea likateleza. Nikakaa chini kwenye lile tope, na gauni langu la kutokea. Kijana muuza karanga akaja mbio kuniinua, mlinzi akampigia kelele: "Wewe! Mita moja!" Mpaka leo nikikumbuka nacheka, ingawa nyonga iliuma wiki nzima.

Ndani, mabenchi yalikuwa yamepunguzwa, na foleni imechorewa duara kwa chokaa. Kibao cha kuwapisha wazee kilikuwepo dirishani, lakini kukifikia lazima uzimalize duara kwanza. Kusimama saa nzima kwa magongo, anayejua ni makwapa. Mwezi uliofuata sikwenda. Dawa nikazigawa nusu nusu ili zifike mbali, na najua wenzangu watatu waliofanya hivyo hivyo. Hatukuwa tumeikimbia corona.

Na nisiseme mabaya tu. Chanjo ilipoanza, baada ya Rais Samia kuchanjwa Julai 28, 2021, wauguzi walikuja mtaani kwetu. Binti mmoja alinifuata pale pale kwenye baiskeli, akainama, akanichoma ile ya dozi moja, akaniuliza kama nimekula. Sikushuka. Kumbe inawezekana.

Nayaandika haya sasa kwa sababu Agosti 14, 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox, ile homa ya nyani, kuwa dharura, na wenzetu Burundi walikuwa na wagonjwa. Burundi kwetu ni hapo tu, magari ya Manyovu, kule mpakani, hayakatiki. Ule mtungi ukatolewa stoo, ukafutwa vumbi, ukarudishwa langoni na pedali yake vile vile. Sera ya Wazee tunayo tangu 2003, Sheria ya Watu wenye Ulemavu tangu 2010. Aliyeuchomelea mtungi huenda hakuambiwa lolote kuhusu sisi, na simlaumu, namlaumu aliyeuagiza.

Ninachoomba si kikubwa. Mtungi mmoja uwe na koki ya kusukuma kwa kiwiko, kimo cha mtu aliyeketi, na mahali pa kuegemeza gongo. Benchi moja lirudi karibu na dirisha la wazee.

Nimemwuliza fundi wa kuchomelea pale Mwanga, akasema kubadilisha pedali iwe ya kiwiko ni shilingi 15,000, na chuma anacho. Hela hiyo nimeshaitenga. Nimebakiza ruhusa ya kuugusa mtungi wenyewe, na sasa ni miezi mitatu kila nikienda naambiwa mhusika yuko safarini.

Mshonaji,
Ujiji, Kigoma