Kokoto chini ya chungu hazikusaidia, ua langu la mlimani limeoza

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Köln, Ujerumani. Gazeti lenu nalisoma kwenye simu nikiwa kwenye treni ya kwenda kazini, na ukurasa wa bustani ndo naanza nao kabla hata ya siasa, kwa hiyo msione nimekuja kuwashambulia. Lakini lile somo lenu la kuhamisha maua limeniulia ua, na naona mnalirudia kila baada ya miezi kadhaa, maneno yaleyale: chungu kikubwa, kokoto chini, samadi ya kutosha, maji asubuhi na jioni. Kwa bogenvilia ya uani Tabata labda sawa. Kwa ua la mlimani hiyo ni hukumu ya kifo kabisa.

Ua lenyewe linaitwa Arabis. Wajerumani wanaliita Gänsekresse, jina lina bata bukini ndani yake, sijui bata kaingiaje huko. Ni la kudumu, halifi kila mwaka, linatambaa chinichini na likifika ukingo wa chungu linaning'inia hivi kama shela ya bi harusi, meupe tupu mwezi wa nne. Maua yake yana petali nne zimekaa msalaba, na mtu aliyewahi kuisahau sukuma wiki shambani mpaka ikatoa maua ya njano atajua mara moja hawa ni ukoo mmoja, ukoo wa kabichi. Nilimwonyesha mama kwenye video akaniuliza, "Linaliwa?" Nikamwambia hapana mama hili la kuangalia tu. Akanyamaza kidogo, akasema haya.

Sasa kilichonifanya nilipende, mimi ni mtu wa Marangu. Hili la madukani asili yake upande wa Caucasus, na kuna wataalamu wanaolihesabu kuwa aina moja na Arabis alpina, ile aliyoipa jina Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. Na hiyo Arabis alpina inaota milima ya Alps, Norway, Iceland, halafu, shikeni viti, inaota Kilimanjaro! Na Mlima Kenya pia. Huko juu ukishaumaliza msitu, kwenye mawe mawe na baridi. Baba mdogo alikuwa mpagazi miaka mingi, wenyewe wanajiita wagumu, amepita hapo na mizigo kichwani mara ngapi na hajawahi kuniambia kuna ua, maana nani anaangalia maua akiwa na kilo 20 kichwani. Mimi nimekuja kulijua Ulaya, kwenye supamaketi, kwa chini ya euro tatu.

Haya, turudi kwenye msiba. Mwaka juzi mwezi wa nne nilifuata maelezo yenu neno kwa neno. Nilitoa ua kwenye kile kikopo cha plastiki cha dukani nikaliweka kwenye bonge la chungu, upana kama ndoo ya lita ishirini, kokoto nikapanga chini vizuri, juu nikajaza udongo wa mfuko nikachanganya na samadi, nikamwagilia. Na lilikuwa limechanua tele, yaani nilimhamisha mgonjwa akiwa harusini. Wiki ya tatu majani ya katikati yakawa njano, nikadhani kiu, nikaongeza maji. Wiki ya tano nikashika shina pale linapoingia ardhini nikaona laini kama ndizi iliyopitiliza, nikavuta kidogo tu, likabaki mkononi. Chini kulikuwa na harufu ya mtaro.

Nilikasirika nikaanza kuulizauliza, hasa bibi mmoja jirani yangu hapa, umri umekwenda, balkoni yake yote ni mimea ya milimani. Yeye ndo alinifungua macho kuhusu kokoto. Nendeni jikoni mjaribu. Chukua sifongo ya kuoshea vyombo, ile ya mstatili, iloweshe mpaka ishibe, ishike ikiwa imelala kama sahani, subiri iache kudondosha. Sasa isimamishe wima. Itadondosha tena! Kwa sababu maji huwa yanabaki yamekaa sehemu ya chini ya sifongo, hayatoki, na ukiisimamisha ile sehemu inapungua. Udongo wa chungu ndo hivyohivyo. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto, yanasimama pale juu ya kokoto mpaka udongo ushibe kabisa. Kwa hiyo ukipanga kokoto chini umeinua tope, umelisogeza karibu na mizizi, hujatoa maji hata tone. Mimi hii nilibishana naye mpaka akaniletea sifongo.

Kokoto zinatakiwa ziwe NDANI ya udongo, zimechanganywa. Na si kokoto za zege, ni changarawe ndogondogo za ukubwa wa punje ya mahindi au chini yake. Mchanganyiko wangu sasa hivi ni fungu moja mboji, fungu moja udongo wa kawaida tifutifu, fungu moja changarawe. Ukiufinya mkononi usigande kama ugali, uachie. Samadi sitii kabisa, ua hili limezoea mahali ambapo chakula ni cha kubahatisha, ukilishibisha linarefuka vikonyo vilegevu na majani mengi, maua machache. Chokaa halina shida nayo, linaipenda kabisa, na bahati nzuri maji ya bomba ya huku birika linashika ukoko mweupe kila wiki, kwa hiyo namwagilia hayohayo.

Na chungu kikubwa ni kosa la pili. Udongo mwingi usio na mizizi hauna wa kuunywea maji, unakaa umelowa siku nne siku tano, baridi ikija ndo kabisa. Chungu kipya kiwe kipana kuliko cha zamani vidole viwili tu, cha udongo wa kufinyanga ukipata maana kile kinapumua pembeni, na tundu la chini liwe wazi. Kisahani chini yake kimwage, usikiache na maji.

Muda nao. Subiri maua yaishe. Huku kwetu ni mwezi wa tano mwishoni. Chukua mkasi kata vile vikonyo vilivyochanua, punguza mpaka nusu, usilionee huruma. Halafu angalia vikonyo vinavyotambaa, mara nyingi pale vinapogusa udongo vimeshatoa vimizizi vyeupe, kata viwili vitatu panda pembeni kwenye vikopo vya mtindi. Hiyo ni bima. Mwaka juzi ningekuwa na bima nisingekuwa naandika barua hii. Ndo sasa unageuza chungu, unagonga ukingo mezani, unapokea bonge la mizizi kwa kiganja, usivute vikonyo hata siku moja vitakukatikia. Mizizi iliyozunguka kama chapati ya kukunja ilegeze taratibu kwa vidole, tia chungu kipya, shingo ya mmea ibaki juu ya udongo kama ilivyokuwa, usiifukie. Kisha tandaza changarawe kavu kuzunguka shingo, unene wa kidole, ndiyo inayozuia lile jambo la ndizi iliyopitiliza. Maji mara moja mpaka yatoke chini, halafu liache. Likae mahali penye jua lakini siku za mwanzo lisipigwe na jua la mchana. Baridi haliliui, theluji inalilalia na linaamka, kinacholiua ni unyevu wa msimu wa baridi, mvua ya wiki tatu mfululizo, kwa hiyo Novemba nalisogeza ukutani chini ya kibaraza cha jirani wa juu.

Kuna msomaji ataniuliza je Dar? Sahau. Na sisemi kwa dharau, hapahapa Köln kuna taasisi ya Max Planck ya utafiti wa mimea, mwaka 2009 walitoa utafiti wao juu ya Arabis alpina hiihii, wakaonyesha kuna jini, si jini la kupunga, jini la urithi, yaani jeni, linaloitwa PEP1, kazi yake ni kuzuia maua mpaka mmea upitie wiki kadhaa za baridi kali. Maana yake ukiipanda Mbagala utapata majani tu, tena kama yatapona. Njombe au Lushoto jaribu ukitaka, ila usitegemee shela. Na tafadhali asitokee mtu akapanda Kilimanjaro na kijiko kung'oa ya porini, ile ni hifadhi ya taifa, KINAPA hawatakuelewa.

Ombi langu Mhariri ni dogo. Mkiandika somo la kuhamisha maua ongezeni sentensi moja, ua linatoka wapi, bondeni au mlimani, penye tope au penye mawe, na lile jambo la kokoto chini lifuteni kabisa kwa maua yote, halina faida hata kwa bogenvilia. Picha mbili nimetuma kwa barua pepe pamoja na barua hii. La kushoto ndo marehemu. La kulia ni la mwaka huu, limeshuka karibu nusu mita kutoka ukingoni, jirani wa chini anadai linamdondoshea petali kwenye kahawa.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mtu wa Marangu, Köln