Barua kwa wajukuu wanaomaliza Kidato cha Sita: kengele haitawaita tena

Wajukuu zangu,

Marahaba. Najua mmeniamkia, hata kama hamjafungua mdomo.

Nimewahi kuandika kabla hamjaanza kusainiana mashati na kuapiana mbele ya simu kwamba mtakuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Apeni tu, raha ya ujana ndiyo hiyo. Ila urafiki mlio nao sasa, sehemu kubwa mmefanyiwa. Kengele ndiyo iliyowaamsha pamoja, ikawapeleka mstarini, ikawapanga foleni ya ugali na maharage, usiku ikawalaza mmoja kitanda cha juu na mwingine cha chini. Mmegawana sabuni, mmeazimana notsi, mmefichiana makosa kwa matroni. Hakuna siku mliyokaa mkapanga kukutana. Sasa kengele hiyo inanyamaza, na kuanzia hapo urafiki utategemea mmoja anyanyuke amfuate mwenzake.

Wengi wenu mtapitia JKT kwanza, na huko filimbi ya afande itashika nafasi ya kengele kwa muda. Mpango huo ulisitishwa 1994 ukarudishwa 2013, lakini sisi wa miaka ya 1970 tuliukuta ukiwa hauna mjadala. Mimi nilikuwa Ruvu. Mtoto wa Muheza, niliyelelewa kwa wali wa nazi, nikalazwa jirani na Mhaya wa Kagera ambaye chakula bila ndizi kwake kilikuwa kama futari isiyo na tende. Yeye Mkatoliki, mimi Mwislamu. Kwenye mchakamchaka nilikuwa wa mwisho kila alfajiri, naye alikuwa na miguu ya kuwashinda wavulana, lakini alipunguza mwendo makusudi ili tuadhibiwe wote. Tukiwa tunapiga pushapu kwenye umande, ananinong'oneza nisimchekeshe, afande asije akaongeza.

Baada ya hapo tuliajiriwa ualimu, mimi Tanga, yeye kaskazini ya mto Kagera. Tulikuwa tukiandikiana kwa sanduku la posta la shule. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia huko, daraja la Kyaka likalipuliwa, barua zikakatika. Nilisikiliza redio kama watu wote, ila redio haikutaji rafiki yako. Niliendelea kuandika kwenye sanduku lilelile, barua fupifupi, habari za mvua na bei ya sukari. Kampala ilianguka Aprili 1979, na baadaye sana likaja jibu moja lililobanwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu: yuko hai, walivuka mto mapema, barua zangu kapewa zote kwa mkupuo, na kwa nini namwandikia bei ya sukari wakati sukari kwao hakuna?

Kwa hiyo ninapowasikia vijana wakisema, "Yule siku hizi hanitafuti, na mimi simtafuti," hunishangaza. Mnahesabiana zamu kana kwamba ni deni la dukani. Katika kila marafiki wawili huwa kuna mmoja anayeanza. Kama wewe ndiye unayekumbuka, basi anza wewe, na ukianza mara tatu mfululizo hujadhalilika. Mwenzako pengine anauguza, au kakosa kazi na anaona haya kukwambia.

Haya ya kukosa ndiyo itakayowatenganisha kuliko ugomvi. Mtafika miaka ya ishirini na kitu, mmoja kapata ajira, mwingine anazunguka na bahasha ya vyeti. Aliyepata hubadilisha vijiwe bila kujua. Aliyekosa huanza kukwepa, maana kila mwaliko una nauli na soda. Ukiwa na nacho, mfuate kwao, kaa kwenye mkeka, kula kilichopo. Usimwite mahali ambapo itabidi akodolee macho karatasi ya bei.

Halafu zitakuja kadi za michango. Jamani, kadi! Single bei hii, double bei hii, na kundi la WhatsApp lenye mhazini anayebandika orodha kila jioni: waliolipa, waliopunguza, walioahidi. Nimeona watu waliolala kitanda kimoja bwenini wakipishana njia Kariakoo kwa sababu ya ahadi ya elfu hamsini. Kama huna, mpigie mwenye harusi mwenyewe, si mhazini, umwambie: sina, lakini nitakuja alfajiri kumenya vitunguu. Na wewe mwenye harusi, pokea mikono ya mtu kama unavyopokea hela yake. Mikopo sitaki kuizungumza sana. Kukopa harusi, kulipa matanga, mlishaambiwa. Mpe rafiki kile ambacho kisiporudi bado utaweza kumchekea.

Akishaoa au akishaolewa, msimlaumu kwamba kabadilika. Nyumba yake sasa ina mwenyewe mwingine, piga hodi. Mtoto wa kwanza akizaliwa atapotea kabisa. Wasichana mtaona kama mmetupwa. Hamjatupwa. Mtu anayenyonyesha usiku kucha hana maneno ya kujibu ujumbe. Nenda na chupa ya uji, fua nepi zilizolowekwa, ondoka kabla hajachoka. Atakumbuka hilo mtoto akiwa na ndevu.

Ninyi wavulana nina neno lenu peke yenu. Wanaume mnaweza kutazama mpira banda moja miaka na miaka, mkajua kila mchezaji wa Simba na Yanga kahama lini, msijue kwamba huyo aliyekaa benchi moja na wewe kaachishwa kazi tangu mwaka jana. Msibani ndipo mnaambizana, "Kumbe jamaa alikuwa anaumwa." Muulize mwenzako mkiwa njiani kurudi, wawili tu, gizani, mwanaume husema zaidi akiwa anatembea.

Wengine mtaachana tu, bila kosa la mtu. Msiitishe kikao. Huyo mlipendana kwa sababu ya Kemia, na Kemia imekwisha. Mkikutana stendi salimianeni kwa furaha ya kweli, kila mtu apande basi lake. Ila anayekucheka mbele ya watu halafu akuombe radhi chumbani, huyo muache mapema, na wala usimtafutie sababu nzuri.

Mimi na yule wa Kagera sasa tumekuwa vikongwe. Msimu wa senene ukifika huniwekea kopo kwenye basi, na mimi humtumia machungwa ya Muheza, ambayo kondakta huyapunguza njiani na sote tunajua. Krismasi napiga mimi, Idi anapiga yeye. Tunazungumza magoti, sukari ya mwilini, na nani kazikwa. Waliotufahamu tukiwa wasichana wamebaki wa kuhesabu, ndiyo maana nimejitafutia na marafiki wa umri wa wanangu. Mmoja ni fundi cherehani, hunisema bila kunionea aibu.

Kabla hamjarudisha vitabu vya shule, kila mmoja achukue karatasi. Namba ya simu ya rafiki yako haitadumu. Laini hufungwa, simu huibwa. Chukua namba ya mama yake au ya mjomba wake, jina la kijiji, kata, na mahali basi linaposimama. Posta ilipoanza kusahaulika na simu za mkononi hatujazizoea, mimi na mwenzangu tulipoteana kwa muda mrefu. Nilimpata kwa kumwandikia paroko wao, kwa kuwa jina la parokia alikuwa ameniandikia nyuma ya daftari langu, pamoja na la baba yake. Kwa hiyo andikeni kwenye karatasi, kwa herufi za kusomeka. Mwandiko wenu wa siku hizi naujua.

Bibi yenu,
Mwalimu mstaafu, Muheza