Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi: dakika zako 50 zimenichukua saa 9

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, pokea salamu zangu na pole kwa majukumu. Barua zangu mbili nilizozipitisha ofisini kwako hazijajibiwa, na yaliyonipata Ijumaa iliyopita yameimaliza subira niliyokuwa nimebakiwa nayo.

Siku ulipozindua njia mpya ya kurukia ndege katika kiwanja chetu, ulituambia kuwa kutoka hapa hadi mkoa wa pili ni kilomita 400, na kwamba kuanzia siku hiyo huo ni mwendo wa dakika 50. Tulipiga makofi, nami nilipiga. Hesabu yako ina ukweli wake, kwani ndege ya pangaboi iendayo kilomita 500 kwa saa huumaliza umbali huo kwa dakika 48, mradi tusahau kwamba rubani hupanda na kushuka kwa mwendo wa chini kuliko huo, na mradi upepo wa mbisho ulale, maana ukivuma kwa kilomita 60 tu kwa saa, dakika hizo zinakaribia 55. Tena ratiba za ndege huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho mengine, si tangu matairi yanapoacha lami. Na kilomita zako 400 ni za mstari ulionyooka, ambao sisi abiria wako hatujapitishwa kwa miezi mingi sasa.

Safari ya moja kwa moja iliondolewa kimyakimya. Nadhani viti havikuwa vikijaa, ingawa wapo wanaosema ndege imeegeshwa ikisubiri kipuri. Wewe ndiwe mwenye jibu. Siku hizi tunapelekwa kwanza kiwanja kikuu, upande tusikokwenda kabisa, ndipo tubadilishe ndege.

Ijumaa nilifika uwanjani saa 12 asubuhi, nikimuwahi kaka yangu aliyekuwa azikwe saa 8 mchana. Ndege ya kwanza ilichelewa, ile ya kuunganishia ikaondoka bila sisi, nasi tukasubiri nyingine. Nilipotua ilikuwa saa 9 alasiri. Aliyekuja kunipokea alikuwa na udongo wa makaburini kwenye viatu, na hakuniuliza kitu.

Mheshimiwa, juu ya dirisha la tiketi, bango lenye picha yako bado linasema "dakika 50". Siombi fidia, wala siombi ndege mpya. Nilikusudia kuomba safari ile irudishwe walau mara mbili kwa wiki, lakini ahadi hiyo tumeshapewa, na sioni faida ya kuiomba upya. Naomba bango hilo literemshwe, au paandikwe saa tunazotumia kweli, ili mwenye msiba ajue mapema kwamba apande basi la usiku. Literemshwe wiki hii, tafadhali.

Wako mtiifu,
Abiria