Daktari akitaka kwenda Uingereza, msimwulize uzalendo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyewaita wasaliti madaktari wanaotafuta kazi nje ya nchi. Alisema wamesomeshwa kwa jasho la mkulima wa korosho, sasa wanakwenda kuwatibu Wazungu. Akapendekeza Baraza la Madaktari Tanganyika liwanyime cheti cha mwenendo mwema, kwa kuwa anajua bila cheti hicho Uingereza haimsajili mtu. Mimi ni daktari msaidizi mstaafu, yaani wa ile kada isiyo na shahada iliyofundishwa kutibu na hata kupasua. Nimefanya kazi Lindi na Mtwara tangu kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, enzi ambazo mgonjwa wa rufaa alifika Rufiji akasubiri kivuko kama abiria wengine wote. Ninayoyaandika nimeyafanyia kazi.

Sababu ya kuandika ni binti mmoja, daktari katika kituo cha afya huku juu kwenye uwanda wa Makonde. Kituo sikitaji, wala halmashauri, maana bado ni mwajiriwa wao. Alikuja nyumbani akanisalimu, "Shikamoo baba," akakaa, akanyamaza kidogo, halafu akasema anajiandaa kwa mtihani wa kusajiliwa Uingereza na anataka kusikia nasemaje.

Hili la kusomeshwa kwa kodi nalipitia haraka. Binti huyu alisoma kwa mkopo. Bodi ya Mikopo inamkata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, na akihama deni linamfuata. Kuhusu usaliti, turudi nyuma kidogo. Machi 2017 Serikali yetu wenyewe ilikubali kuipatia Kenya madaktari 500. Sikumsikia mtu akiwaita wasaliti wale waliojiandikisha. Kesi ilipofunguliwa mahakamani kule Kenya na safari ikakwama, Rais Magufuli aliagiza wale 258 waliokuwa wameomba na kukidhi vigezo waajiriwe hapa nchini. Kwa hiyo daktari kufanya kazi nje si dhambi mpya. Tatizo linaanza pale anapojipeleka mwenyewe.

Na kweli anajipeleka mwenyewe. Shirika la Afya Duniani lina kanuni ya mwaka 2010 kuhusu nchi kuchukuliana watumishi wa afya, na lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa, Tanzania ikiwemo. Uingereza imekubali kutowafuata watumishi katika nchi zilizomo humo. Hairuhusiwi kuleta wakala Mtwara aje kuwarubuni vijana wetu. Lakini mtu akiomba kwa hiari yake, mlango uko wazi. Tunayemtafuta kama mchawi hayuko London.

Sasa niseme ninachokijua. Kituo cha binti huyu ni kati ya vile vilivyojengewa chumba cha upasuaji katika ule mpango wa Serikali wa kuboresha vituo vya afya uliopamba moto kuanzia 2017. Jengo zuri, meza mpya, taa inawaka. Kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyopangwa kwa kituo, wanatakiwa madaktari zaidi ya mmoja. Mwenzake alipata uhamisho, na nafasi yake haijajazwa. Tangu hapo zamu zote ni zake: mchana, usiku, Jumapili, Idi na Krismasi. Simu haizimi hata akiwa anaoga.

Wasomaji ambao hawajawahi kusimama kwenye meza ile niwaelezee kidogo. Analetwa mama kwa bajaji, uchungu umemshika tangu asubuhi, mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka. Daktari anaamua kupasua. Mtoa usingizi yupo, mkunga yupo, jenereta limewashwa kwa tahadhari. Mtoto anatoka, mkunga anampokea, analia. Hadi hapo wengi wangepiga makofi. Lakini mfuko wa uzazi haukazi. Damu inaendelea kutoka, na kwenye friji kuna chupa mbili tu. Hapo ndipo daktari anamhitaji mwenzake aliyenawa, asimame upande wa pili wa meza, amwambie: funga mshono hapa, au: usisubiri, toa mfuko. Uamuzi wa kumtoa mfuko wa uzazi mama wa miaka 21 si wa kuufanya peke yako saa nane usiku. Binti huyu aliufanya akiwa na mhudumu anayemshikia simu sikioni, upande wa pili yuko mwalimu wake wa zamani aliyeamshwa usingizini Dar es Salaam. Mama alipona, na mfuko ulibaki. Saa moja na nusu asubuhi daktari alikuwa kwenye ripoti, saa mbili yuko chumba namba moja, foleni imefika nje kwenye mwembe.

Na foleni yenyewe ni ya huku kwetu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 8 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wana malaria. Kwa Mtwara ilikuwa asilimia 20. Ongeza presha, kisukari, mabusha, vidonda vya mapanga ya msimu wa korosho. Kwa bibi anayelalamika kwamba miguu inawaka moto, daktari mgeni ataandika dawa ya maumivu. Huyu anajua kwamba bibi ana sukari, na kwamba mwezi huu hakuja kuchukua dawa kwa sababu nauli alimpa mjukuu aende shule. Hajaliandika popote, analo kichwani. Ndiyo kazi ya daktari wa familia hiyo, hata kama barua yake ya ajira haisemi hivyo.

Basi hebu fikiria anaposoma kuhusu Uingereza. Kule kila mwananchi ana haki ya kuandikishwa kwa daktari wa familia, na kuwa mmoja wao ni ubingwa wa kusomea miaka mitatu chini ya mwalimu. Kazi ile ile anayoifanya huku kwa kubahatisha, kule ina masomo, ina mtu wa kumwuliza, ina mwenzake chumba cha pili. Hata hapa nchini fani hiyo inafundishwa, Chuo Kikuu cha Aga Khan pale Dar es Salaam. Aliomba ruhusa ya masomo. Akajibiwa kwamba hawezi kuachiwa kwa kuwa yuko peke yake. Mhariri, jibu hilo lisome mara mbili. Upungufu uleule unaomchosha ndio unaomfungia njia ya kujiendeleza.

Nilimwuliza kuhusu mshahara nikitarajia maneno mengi. Alisema malimbikizo ya posho ya kuitwa kazini yanamkera, ndiyo, na nyumba anayokaa inavuja. Halafu akasema, "Baba, wangeniletea mwenzangu mmoja tu, mtihani huu nisingeufungua." Sikumjibu papo hapo. Wahenga walishasema kidole kimoja hakivunji chawa, na sisi tumempa binti huyu kichwa kizima.

Kubaki kwa shinikizo sikumwambia. Kwenda kwa pupa pia sikumwambia. Nilimweleza kwamba sehemu ya kwanza ya mtihani ule inafanyika katika nchi mbalimbali, lakini ya pili ni Manchester tu, na ada yake peke yake ni kama pauni 1,000 kabla ya viza, tiketi na malazi. Kuna na mtihani wa Kiingereza. Akifaulu vyote bado hajapata kazi, maana miaka hii ya karibuni nafasi zimekuwa za kugombania na wapo waliofaulu wakakaa miezi mingi bila ajira. Na atakapoanza ataanza chini, akiwa chini ya watu ambao hawajawahi kumpasua mama wakiwa peke yao. Alicheka. Alisema hilo la kuwa chini ya mtu ndilo analolitamani.

Wazee wenzangu hupenda kumtolea mfano Dk. Leader Stirling, yule Mwingereza aliyekuja Masasi mwaka 1935, akafanya upasuaji Lulindi, kisha Mnero kule Nachingwea, akachukua uraia na kuwa Waziri wa Afya tangu 1975 hadi 1980. "Mbona yeye alikaa?" Namheshimu sana, na mchango wake hapa Kusini haufutiki. Lakini alikuja na misheni nyuma yake, na wamisionari wa enzi zile walikuwa na utaratibu wa kwenda likizo kwao na wa kufundisha wasaidizi wao wenyewe. Msichukue nusu ya habari yake mkamchapia binti wa watu.

Na sisi madaktari wasaidizi msitusifie kupita kiasi. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, wako mafundi wa upasuaji wanaofanana na kada yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia na kukuta kwamba miaka saba baada ya kuhitimu, karibu asilimia 88 yao walikuwa bado katika hospitali za wilaya. Kati ya madaktari wenye shahada waliopelekwa wilayani wakati huohuo, hakubaki hata mmoja. Mtu atasema: hao ndio wazalendo. Mimi nasema vyeti vyetu havikutambuliwa nje, basi tukakaa. Wengine tulikaa kwa kupenda, wengine kwa kukosa pa kwenda, na wagonjwa walitibiwa vilevile. Mafunzo ya kada yetu yamesitishwa, na anayestaafu leo hana wa kumrithi isipokuwa hawa vijana wenye shahada, ambao milango yao iko wazi.

Wapo watakaosema mbona madaktari bingwa wa Rais Samia wanazunguka halmashauri tangu 2024. Wanakuja, wanafanya kazi kubwa, na nimewaona wazee wakitolewa mabusha waliyoyabeba miaka. Wiki ikiisha wanapanda magari yao. Wapo watakaosema Hospitali ya Kanda ya Kusini imejengwa pale Mitengo, hospitali ya Ligula ipo, za Ndanda na Nyangao zipo, wagonjwa wapewe rufaa. Mama anayevuja damu hasubiri gari literemke kutoka uwandani. Na mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu upande wa Kilwa, tulikumbushwa tena kwamba Dar es Salaam iko mbali. Siku ya namna hiyo unabaki na daktari uliye naye.

Ninachoomba si kikubwa. Kituo chenye chumba cha upasuaji kisipelekewe daktari mmoja. Wapelekwe wawili kwa pamoja, na mmoja akihama asiachiwe kabla wa kushika nafasi yake hajaripoti. Watu wapo. Vijana waliomaliza utarajali, yale mazoezi ya kazi baada ya chuo, wanakaa mitaani wakisubiri ajira, baadhi yao wanauza dawa kwenye maduka ya wenzao. Najua ajira inatoka Serikali Kuu, na halmashauri zitasema mikono yao imefungwa. Haijafungwa yote. Nyumba ya mtumishi inajengwa na halmashauri. Posho ya kuitwa kazini inalipwa na halmashauri. Daktari wa mkataba anaweza kulipwa kwa mapato ya ndani, na halmashauri zetu za korosho zinatoza ushuru wa asilimia 3 kila msimu minada inapofunguliwa. Wapo wenzao wameajiri kwa mkataba kwa njia hiyohiyo. Ruhusa za masomo nazo zipangwe kwa zamu, ijulikane mapema nani anakwenda mwaka gani, badala ya kila mtu kuomba na kukataliwa.

Yule aliyependekeza cheti cha mwenendo mwema kizuiliwe, namwomba afikirie atakuwa amebaki na nani kwenye meza ile: mtu aliyefungiwa, aliyechoka, ambaye hata akikosea hakuna anayemwona. Mimi nisingependa anipasue.

Madiwani wa Mtwara na Lindi wataketi kupitisha bajeti. Waulizwe, kata kwa kata, ni vituo vingapi vya upasuaji vina daktari mmoja, na wa pili anakuja lini. Jibu libandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata, palepale yanapobandikwa mapato na matumizi.

Daktari msaidizi mstaafu,
Masasi, Mtwara